Hatari ya nani? Siku zangu za tathmini Juba

Jumapili

Shirika lililoniita ni dogo. Linahudumia watoto wenye utapiamlo na kuchimba visima, lina wafanyakazi wasiofika arobaini, na makao yake makuu yako Ulaya. Linataka kuhamia ofisi nyingine hapa Juba, na kabla ya kutia sahihi mkataba wa pango limetaka mtu wa nje wa mambo ya usalama aikague nyumba, autazame mji, kisha aupitie mpango wao wa dharura. Mpango huo niliusoma Nairobi nikisubiri ndege. Una kurasa kumi na moja za namna ya kuwaondoa wageni: nani anapiga simu, nani anabeba pesa, ndege gani inaitwa. Wafanyakazi wa Sudan Kusini wana aya moja, na aya yenyewe inasema "watashauriwa kubaki majumbani mwao". Nimeipigia mstari kwa wino mwekundu. Nadhani wiki yangu yote itakuwa juu ya aya hiyo.

Ukitua Juba unarudisha saa nyuma. Nchi hii iliachana na majira ya Nairobi Februari 2021, ikajiwekea yake, saa moja nyuma yetu. Kwa msafiri ni jambo la kuchekesha. Kwa mpango unaomtaka msimamizi aripoti Nairobi saa mbili usiku, akikosa watu waanze kumtafuta, si la kuchekesha hata kidogo: saa mbili za wapi?

Dereva aliyenipokea ni mtu mzima wa Equatoria, kusini mwa nchi, aliyekulia kambi za wakimbizi Uganda, na Kiswahili chake ni cha huko, cha moja kwa moja. "Karibu, ndugu yangu. Simu weka mfukoni." Hakuongeza neno mpaka tulipoliacha eneo la uwanja wa ndege. Kupiga picha ovyo Juba ni njia fupi ya kuishia mikononi mwa watu wa Usalama wa Taifa, ambao kisheria wanaweza kukukamata bila hati. Mwaka 2024 bunge lilipitisha marekebisho ya sheria yao na mamlaka hayo yakabaki palepale. Kwa hiyo sipigi picha, sichori ramani barabarani, na daftari langu la mchana lina maneno ya kawaida tu. Haya ninayaandika usiku, chumbani.

Jumatatu

Asubuhi yote na mkurugenzi na mkuu wa utawala, mezani, mbele ya jedwali la rangi. Kila aliyewahi kufanya kazi hizi analijua: upande mmoja uwezekano wa tukio kutokea, upande mwingine uzito wa madhara, unazidisha, unapata kijani, manjano au nyekundu. Silichukii. Linasaidia watu kubishana kwa utaratibu. Tatizo la lile la kwao ni kwamba kila tukio limepewa alama moja. "Uvamizi wa ofisi: wastani." Wastani kwa nani? Mkurugenzi analala ghorofani nyuma ya geti mbili. Mpishi anaondoka saa kumi na moja jioni kwa bodaboda kwenda mtaa wa Gudele.

Tukaanza upya, na hali ya nchi. Machi 2025 Riek Machar, makamu wa kwanza wa rais, aliwekwa kizuizini nyumbani kwake hapa mjini. Mwezi huohuo Uganda ilileta wanajeshi wake Juba, Ujerumani ikafunga ubalozi wake kwa muda, na Marekani ikawaondoa wafanyakazi wasio wa lazima. Septemba kesi ya Machar ikafunguliwa: uhaini, mauaji, uhalifu dhidi ya ubinadamu. Hayo yote wameyaandika vizuri. Nadhani wameyaandika kwa sababu yako kwenye habari.

Walichoandika mstari mmoja tu ni mishahara. Serikali hii inaishi kwa mafuta, na mafuta yanatoka kwa bomba linalopita Sudan. Februari 2024 bomba kuu lilipasuka kule kwenye vita vya Sudan, mapato yakakatika, pauni ikaporomoka, na watumishi wa umma pamoja na askari wakakaa miezi bila kulipwa. Mtu mwenye bunduki, sare, njaa na watoto wanaodaiwa karo ndiye anayekaa juu kabisa ya orodha yangu ya Juba. Hana mkakati wala hajui shirika lako linafanya nini. Anajua tu kwamba ukuta huu una jenereta, na penye jenereta pana pesa.

Mkuu wa utawala, dada wa Kampala mwenye maneno machache, akasema: "Wezi wa hapa huja na sare. Ukimpigia polisi, hujui unampigia nani." Nimeiandika hivyo hivyo kwenye ripoti.

Jumanne

Nyumba. Iko upande wa Thongping, mtaa sitautaja. Ni nzuri, na uzuri wake ndio ulionifanya niulize mapema ni ya nani. Nyumba nyingi za maana mjini hapa ni za wenye vyeo, na hii ni ya mtu mwenye nyota begani. Dalali aliitaja hiyo kama sifa: "Hapa hakuna mtu atakayewagusa." Ni kweli, mpaka siku mwenye nyumba atakapofutwa kazi redioni saa tatu usiku. Novemba 21, 2024, risasi zilirindima Thongping hiihii nyumbani kwa Akol Koor Kuc, aliyekuwa mkuu wa Usalama wa Taifa hadi rais alipomwondoa Oktoba. Umoja wa Mataifa uliwaambia watu wake walale chini mahali walipo. Majirani hawakuwa na ugomvi na yeyote. Walikuwa wamepanga nyumba nzuri tu.

Nikaingia ndani. Paa la mabati, dari ya mbao laini: risasi iliyopigwa hewani na askari mwenye furaha inashuka mpaka kitandani. Ghorofa ya chini kuna ujia mrefu usio na dirisha, zege pande zote mbili, na choo mwishoni. Ningekuwa mpangaji ningeweka magodoro na maji pale, nikasahau chumba salama walichokijenga kwa fahari.

Chumba salama chenyewe kinahitaji kusimuliwa. Mlango wa chuma kizito, umepakwa rangi ya kijivu, ukiugonga unatoa sauti ya kweli. Lakini unafunguka kwa nje, na bawaba ziko nje, pini zake zinaonekana. Mtu mwenye nyundo na patasi hamalizi dakika tano. Kufuli linafungwa kwa ufunguo tu, na ufunguo unakaa kwenye droo ya meneja, ng'ambo ya ua. Nikamwomba dereva anifungie ndani na simu mbili. Laini ya MTN ikapotea palepale, ya Zain ikabaki na kistari kimoja kinachokuja na kuondoka. Hakuna choo, hakuna ndoo. Kuna sanduku la huduma ya kwanza lenye plasta na dawa za kuharisha zilizokwisha muda 2022, hakuna kitu cha kuzuia damu. Baada ya robo saa nilikuwa nimelowa jasho, na nje hapakuwa na mtu mwenye nia mbaya.

Kisha getini. Mlinzi ni kijana wa kampuni, zamu ya saa kumi na mbili, kirungu na tochi isiyo na betri. Daftari lake la wageni limejazwa wiki nzima kwa mwandiko mmoja na kalamu moja, maana yake lilijazwa siku moja. Sikumgombeza. Nilimkuta hajala tangu asubuhi, na kampuni inakata mshahara wake kwa kila ukurasa mtupu. Nikamwuliza: wakija watu wanne wenye sare na bunduki usiku, utafanya nini? Akanitazama kama mtu anayepimwa. "Nitafungua." Nikamwambia ndivyo. Mpango wa shirika unasema akatae, apige kengele, kisha azuie geti. Kwa kirungu! Aliyeandika hayo hajawahi kusimama getini Juba saa nane usiku. Kazi ya mlinzi asiye na silaha ni kuona mapema na kubonyeza kitufe kisichotoa sauti, ili walio ndani wawe wameshaingia ujiani geti linapofunguka. Kitufe hicho hakipo. Ni kitu cha bei ndogo mno.

Jumatano

Leo barabara. Tumetoka mapema na mzee dereva, yeye anaendesha, mimi nahesabu vizuizi kichwani. Mtaa wa Custom, kisha Jebel, mpaka karibu na kambi ya Umoja wa Mataifa iliyo chini ya mlima. Hapa kuna jambo ambalo kila anayeshauri watu juu ya Juba lazima alipitie, hasa akiwa Mkenya.

Julai 8, 2016 risasi zilianza ikulu wakati Rais Salva Kiir na Machar wakiwa ndani, na mji ukawaka kwa siku nne. Julai 11, mapigano yakielekea kuisha, askari wa serikali kati ya 80 na 100 waliivamia hoteli ya Terrain walikokuwa wakikaa wafanyakazi wa misaada. Wakapora, wakapiga, wakabaka, na wakamuua kwa risasi mwandishi wa habari John Gatluak mbele ya wenzake. Waliokuwa ndani walijifungia kwenye jengo lenye mlango wa chuma na kupiga simu kila mahali. Kambi ya Umoja wa Mataifa ilikuwa kilomita moja na kitu kutoka pale. Hakuna aliyekuja kutoka kambini. Mlango ulivunjwa. Ghala la WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, nalo liliporwa wakati huo, tani zaidi ya 4,500 za chakula. Mwaka 2018 mahakama ya kijeshi iliwahukumu askari kumi kwa yale ya Terrain.

Uchunguzi uliofanywa na jenerali mstaafu Patrick Cammaert ulilaumu uongozi mbovu wa walinda amani, na Novemba 2016 Ban Ki-moon, aliyekuwa katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, akamwondoa kamanda wao, Luteni Jenerali Johnson Ondieki wa Kenya. Nairobi ilichukia, ikaanza kuwaondoa wanajeshi wake. Nakumbuka hasira ya nyumbani, kwamba Mkenya amebebeshwa lawama za mfumo mzima, na bado naona hasira hiyo ilikuwa na haki yake. Ila kwa kazi yangu swali ni dogo zaidi. Chumba salama hukupa muda. Muda huo unamsubiri nani? Mpango wa shirika hili umeandika "walinda amani wa UNMISS", bila namba ya simu, bila jina la afisa, bila makubaliano. Nimekata maneno hayo. Usiandike mwokozi ambaye hamjawahi kukaa naye mezani.

Kutoka Jebel tukavuka Nile. Zamani magari yote ya kwenda Nimule yalibanana kwenye daraja kongwe la chuma. Tangu Mei 2022 kuna la pili, Freedom Bridge, lililojengwa kwa msaada wa Japani. Hiyo ni nafuu ya kweli, ingawa anayetaka kutoka kwa njia ya kusini bado lazima avuke mto, na wenye bunduki wanalijua hilo. Barabara ya Nimule ni lami ya kilomita 192 hadi mpakani mwa Uganda. Mwaka 2016, uwanja wa ndege ulipofungwa, Waganda walitolewa kwa njia hii: jeshi lao, UPDF, lilikuja na msafara wa malori mpaka Juba, likawachukua. Barabara hiyohiyo, Agosti 2021, basi lililokuwa likirudi kutoka Loa lilishambuliwa na masista wawili wa Kikatoliki wakauawa. Nimeiweka kama njia ya tatu, baada ya kukaa ndani na baada ya ndege, tena kwa msafara na mchana.

Mchana tumekula kwa mama mmoja wa Kenya mwenye kibanda cha chakula, chapati na maharage. Alikuwepo 2016. Nikamwuliza alikaaje. "Nilikuwa na unga, maji na mkaa. Wenye pesa ndio walikuwa wanakimbia huku na huku." Ofisi ina tangi moja la maji na jenereta yenye mafuta ya siku mbili.

Alhamisi

Leo sikutoka. Nimezungumza na wafanyakazi mmoja mmoja, mlango umefungwa, bila bosi. Nilikuja na swali moja: niambie safari yako ya kutoka nyumbani mpaka hapa na kurudi.

Mhasibu ni mama Mnuer, kabila la Machar. Ana njia mbili za kwenda nyumbani. Moja ni fupi, inapita kituo cha polisi huko Gudele ambako, Desemba 2013 vita vilipoanza, wanaume wa kabila lake walifungiwa na kuuawa. Tume ya Umoja wa Afrika iliyoongozwa na Obasanjo iliandika habari zake. Hiyo hapiti. Kwa hiyo analipa bodaboda karibu mara mbili ya wenzake, kutoka mfukoni mwake, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Kwenye jedwali la Jumatatu yeye na mkurugenzi wana alama moja.

Afisa wa visima ni kijana Mdinka, kabila la rais. Juba hana wasiwasi. Hofu yake ni kutumwa Equatoria kusini, ambako jina lake tu linaweza kumshusha kwenye gari. Mratibu wa ugavi ni Mganda, na tangu majeshi ya Uganda yaje, sokoni Konyokonyo watu humwuliza kwa utani kama na yeye ni mwanajeshi. Utani huo haumchekeshi. Fundi wa jenereta ni Msudani, aliyekimbia vita Khartoum. Januari 2025, habari za Wasudani Kusini kuuawa Wad Madani, mji wa Sudan, zilipoenea kwenye simu, maduka ya Wasudani hapa yaliporwa na watu wakauawa. Serikali ikaweka amri ya kutotoka nje kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, kisha ikaagiza Facebook na TikTok zifungwe. Fundi alijificha chumbani kwa mzee dereva siku hizo. Kwa mzee dereva! Shirika halikujua, mpango wake ulikuwa unamshauri abaki nyumbani, na nyumbani ndiko walikokuwa wanamtafuta.

Nilimwuliza mzee kwa nini hakusema ofisini. "Wangeniambia si utaratibu, ndugu yangu."

Nimekaa na jambo hili jioni nzima. Katika nchi hii wanaouawa, wanaotekwa na wanaopigwa wakiwa kazi za misaada ni wenyeji, karibu wote, mwaka baada ya mwaka. Pesa za usalama nazo huenda kwenye geti, kioo kisichopenywa na risasi na bima ya kumsafirisha mgeni. Sisemi mgeni asilindwe. Terrain ilitosha kutufundisha hilo. Nasema tathmini isiyojua mhasibu anapita wapi haijapima chochote.

Ijumaa

Siku ya mshahara, kwa bahati. Noti kubwa ya pauni ni ya 1,000, basi mshahara wa watu hawa umetoka benki kwenye mabegi, kwenye gari lenye nembo ya shirika, saa nne ileile ya kila mwezi. Mtaa mzima unajua. Nimependekeza anayetaka alipwe kwa simu, m-Gurush au MoMo, na kwa wanaobaki na taslimu tarehe, gari na njia vibadilike. Mkuu wa utawala alikuwa ameshaandika pendekezo hilohilo mwaka jana. Halikujibiwa.

Jumamosi

Mazungumzo na makao makuu kwa video, yakikatika kila baada ya dakika chache. Nyumba hawaichukui, hilo halikuleta ubishi nilipoeleza habari za mwenye nyumba na za jirani. Bawaba, kitufe cha kimya, mafuta, maji na vifaa vya kuzuia damu vimepita. Usafiri wa jioni wa wafanyakazi, gari dogo lisilo na nembo, umepita kwa miezi sita kwanza.

Tulikwama kwenye ile aya. Nilitaka iondoke na badala yake ziwekwe kurasa za wenyeji: kila mfanyakazi aseme mwenyewe angekimbilia wapi na na nani, kama ni Nimule, kwa shangazi mtaani Munuki au ndani ya ofisi, mshahara wa miezi mitatu utolewe mapema hali ikianza kuchafuka, na familia zihesabiwe. Mwanasheria wao akauliza kama shirika, likimsaidia mwenyeji kuhama kisha akapatwa na jambo njiani, litadaiwa. Nikamjibu kwamba shirika linalomlipa fundi na kumwambia abaki mahali anapotafutwa linadaiwa tayari, sheria iseme isiseme. Kimya kikawa kirefu, sikujua kama ni wao au ni mtandao.

Walichokubali mpaka tunakata simu ni mshahara wa mwezi mmoja, kurasa za wenyeji kama rasimu, na chumba cha wageni ofisini kutumiwa na mfanyakazi yeyote aliye hatarini pamoja na familia yake. Miezi miwili iliyobaki itakwenda kwenye bodi. Wamekubali pia mpango utaje saa za Juba. Zoezi la kwanza la kujifungia ndani litafanyika siku ya mshahara ujao, mchana, na wanaojua saa yake ni mkuu wa utawala, mzee dereva na kijana wa getini.